Mvua huingia kwenye maungio: niliyojifunza nikitafuta mavazi ya safari ndefu za pikipiki

Koti langu la kwanza la mvua halikuvuja hata siku moja, na bado nilikuwa nafika nimelowa. Kitambaa kilikuwa kizima, mishono imezibwa kwa utepe upande wa ndani, zipu imefunikwa vizuri. Maji yalipita shingoni, yakapita kwenye vifundo vya mikono, yakapita pale koti linapokutana na suruali. Nimeendesha misimu mingi ya mvua tangu wakati huo, nimenunua na kuuza mavazi ya kila aina, na haya nayaandika kwa ajili ya mtu anayejiandaa na safari yake ndefu ya kwanza wakati wa mvua. Aanze kwa kuangalia maungio: koti na helmeti, mkono na glavu, suruali na buti. Hapo pakiwa sawa, kitambaa chochote kizuri kitakufikisha. Pakiwa na kasoro, hata koti la bei ya juu kabisa litakuangusha.

Nilianza na suti ya mvua ya kuvaliwa juu ya mavazi ya kawaida ya pikipiki, na bado naiona kuwa njia nzuri kwa mwenye bajeti ndogo. Bei yake ni nafuu, inakunjika ikaingia kwenye kona ya mkoba, na inalikinga koti lenye pedi lililo chini yake. Ugumu wake ni kwamba lazima usimame ndipo uivae. Mtu anaona wingu, anajiambia litapita pembeni, manyunyu yanaanza, anaongeza kilomita nyingine kumi, halafu anavaa suti juu ya nguo ambazo tayari zimelowa. Maji hayo sasa yamefungiwa ndani na hayana pa kutokea. Mimi husimama matone ya kwanza yanapogonga kioo cha helmeti, hata kama dakika tano baadaye jua litawaka. Kuvua suti kavu hakuna hasara yoyote.

Kuivaa kando ya barabara ni kazi, hasa suruali, kwa sababu soli ya buti inashika kitambaa na hakiteremki. Beba mfuko wa plastiki mmoja. Vika buti mfuko huo, ingiza mguu kwenye suruali, buti litateleza lenyewe. Utoe mfuko, uhamie mguu wa pili. Ni jambo dogo, lakini limeniokoa na kurukaruka kwa mguu mmoja kwenye tope, malori yakipita karibu. Pia tafuta suruali yenye zipu ndefu ubavuni, kuanzia chini mpaka karibu na goti.

Saizi ya suti isipimwe ukiwa umesimama mbele ya kioo. Ivae juu ya mavazi yako yote ya pikipiki, kisha keti kwenye pikipiki, shika usukani, kunja magoti. Utaona mikono ya koti inapanda na kuacha vifundo wazi, suruali inapanda na kuonyesha shingo ya buti, na mgongoni koti linaachana na kiuno. Mkao huo ndio utakaokaa nao saa nyingi, kwa hiyo ndio wa kupimia. Ila isiwe pana kupita kiasi pia, kwani kitambaa kinachopigapiga kwenye upepo wa mwendo mkubwa kinachosha mwili na hatimaye huchanika kwenye mishono. Angalia vilevile upande wa ekzosi. Nailoni nyepesi ikigusa bomba la moto inayeyuka papo hapo, na tundu la ukubwa wa sarafu ndani ya mguu linatosha kujaza buti maji. Suti nzuri huwa na kipande cha kitambaa kinachostahimili joto hapo.

Je, kipande kimoja au viwili? Cha kipande kimoja hakina uwazi kiunoni, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu ukiwa umeketi maji hukusanyika mapajani, kati ya tanki na tumbo, yakatulia pale yakitafuta mshono wa kupenya. Lakini kukivaa na kukivua ni taabu, na kwenda haja katikati ya mvua ni taabu zaidi. Mimi nimeishia kwenye vipande viwili, suruali ikiwa ya kupanda mpaka kifuani na kushikwa kwa mikanda ya mabegani. Zipu ya mbele ya suruali ndiyo niichunguzayo kwa makini kuliko kitu kingine. Iwe na kitambaa kilichokunjwa nyuma yake kama kizuizi, au isiwepo kabisa.

Suti hizi nyingi hazipitishi jasho. Safari fupi hutajali. Safari ya siku nzima, hasa kwenye joto, utavua suti na kukuta fulana imelowa chapachapa ilhali hakuna tone la mvua lililoingia. Hapo ndipo wengi wetu tunapohamia kwenye makoti yenye utando.

Utando huo ni tabaka jembamba lenye vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Unaojulikana zaidi ni Gore-Tex, uliotokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969 kwamba plastiki ya PTFE ikivutwa kwa ghafla inatanuka na kujaa vitundu hivyo. Leo kuna aina nyingi. Kwenye lebo utakutana na namba kama 10,000 au 20,000, yaani urefu wa safu ya maji kwa milimita ambayo kitambaa kinaweza kuibeba kabla matone hayajaanza kujitokeza upande wa pili. Namba hiyo hupimwa kwenye kipande cha kitambaa. Haikwambii lolote kuhusu zipu, mifuko wala shingo ya koti, kwa hiyo usilipe bei mara mbili kwa sababu ya namba peke yake.

Cha kuuliza ni utando umekaa wapi. Katika makoti ya bei ya kati, utando unaning'inia ndani kama bitana, mbali na kitambaa cha nje. Katika makoti ya gharama, utando umegandishwa moja kwa moja nyuma ya kitambaa cha nje. Muuzaji mmoja aliniambia hakuna tofauti kubwa, vyote havipitishi maji. Kwa upande wa maji alikuwa sahihi. Kwa upande wa baridi, tofauti ni kubwa sana.

Koti langu la pili lilikuwa na utando wa kuning'inia. Mvua ikinyesha, kitambaa cha nje kilikunywa maji mpaka kikawa kizito, ingawa ngozi yangu ilibaki kavu. Siku moja nilikuwa nateremka barabara ya milimani jioni, mvua ikinyesha tangu mchana. Kwenye nyuzi 10 za selsiasi, ukienda kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi baridi ya kama nyuzi 4. Ongeza koti lililojaa maji ambayo upepo unayageuza kuwa mvuke, na kila tone linaloondoka linaondoka na joto la mwili. Nilitetemeka kwanza, nikaona ni kawaida. Kisha nikasoma kibao cha barabarani, nikakisoma tena, na sikukumbuka kilichoandikwa. Kidole gumba kilitafuta kitufe cha indiketa bila kukipata. Nilipofika kituo cha mafuta sikuweza kufungua kamba ya helmeti. Mhudumu alinifungulia, akaniketisha ndani, akanifunika. Niliogopa kwelikweli, na niliogopa zaidi nilipokumbuka kona nilizokuwa nimezipita katika hali ile.

Nguo zangu za ndani zilikuwa kavu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kukaa mkavu ni nusu tu ya kazi. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, akili inapungua kasi kabla wewe mwenyewe hujatambua, na hakuna anayekutazama usoni ndani ya helmeti. Ukianza kutetemeka, simama. Ukiona vidole havifanyi kazi ndogo kama kufunga zipu, safari ya siku hiyo imekwisha. Tafuta pa kulala.

Baada ya hapo nilinunua koti ambalo utando wake umegandishwa kwenye kitambaa cha nje. Bei yake ilikuwa karibu sawa na makoti mawili ya kwanza yakijumlishwa. Mvua inapolipiga, maji yanabaki juu juu. Unalikung'uta mlangoni na asubuhi ni kavu. Matundu yake ya hewa yanapofunguliwa upepo unafika mwilini moja kwa moja, wakati kwenye koti la bitana, yaani lile la utando wa kuning'inia, upepo unakwamia kwenye utando. Kasoro zake nazo zipo: ni gumu, lina kelele, linahitaji muda kuzoeleka mwilini, na kwenye joto kali halina raha. Kwa anayesafiri mara chache wakati wa mvua, koti la bitana pamoja na suti ya kuvaa juu linatosha kabisa na linaacha fedha kwa mengine. Nisichokipendekeza ni koti lenye bitana ya mvua ya kuvaliwa ndani na kuondolewa kwa zipu, kwa kuwa inakubidi uvue koti mvuani ndipo uikinge mvua.

Jihadhari pia na mifuko. Kwenye koti la bitana, mifuko ya nje iko upande wa mvua wa utando. Simu, pasipoti na karatasi za pikipiki ziwe mfuko wa ndani, na hata huko ziwe ndani ya plastiki.

Na usiuze usalama kwa sababu ya ukavu. Kiwango cha Ulaya cha EN 17092 hupanga mavazi ya pikipiki katika madaraja, AAA likiwa la juu, kisha AA, A na mengine, kulingana na jinsi yanavyostahimili kusuguliwa na lami na mishono kukaza. Daraja hilo na uwezo wa kuzuia mvua ni mambo mawili tofauti. Koti la mvua la kupandia milima kwa miguu litakukausha vizuri, lakini ukianguka nalo limekwisha mara moja, kwa hiyo livaliwe juu ya koti lenye pedi na kamwe lisishike nafasi yake.

Sasa niseme kuhusu mikono, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoteseka na ndipo breki na klachi zilipo. Glavu ivaliwe ndani ya mkono wa koti au nje? Keti kwenye pikipiki yako, shika usukani, utazame mkono wako. Kama kiwiko kiko juu kuliko kiganja, maji yanatiririka kuelekea vidoleni, kwa hiyo mkono wa koti ufunike glavu. Kama usukani wako uko juu na viganja vimeinuka kuliko viwiko, maji yanarudi kiwikoni, na glavu ndefu ifunike koti. Upepo wa mwendo nao unasukuma maji yapande ndani ya mkono wa koti, na ndiyo sababu nazipenda glavu zenye mapindo mawili, moja jembamba linaloingia chini ya mkono wa koti, jingine pana linalofunika juu. Nilizipata kwa bahati, na tangu hapo viganja vyangu vimekuwa vikavu kuliko wakati wowote.

Dukani, vaa glavu, kisha bana ncha ya kila kidole kwa mkono mwingine na uvute mkono utoke taratibu. Bitana ikianza kutoka pamoja na vidole, iache glavu hiyo. Mkono wenye unyevu utaing'oa bitana mara ya kwanza utakaposimama kulipia mafuta, na kuirudisha kidole kwa kidole mvuani ni karibu haiwezekani. Glavu ya kushoto iwe na ukingo wa mpira kwenye kidole gumba au cha shahada wa kufutia kioo. Glavu za mpira za kuvaa juu ya nyingine zinazuia maji vizuri, lakini zinanipunguzia hisia ya breki, na kwenye lami yenye maji hisia hiyo naihitaji kuliko ukavu. Mipini ya usukani yenye joto inasaidia sana kiganja. Mgongo wa mkono unahitaji vikinga upepo mbele ya mipini, la sivyo nusu ya mkono inaungua na nusu inaganda.

Chini, suruali ifunike buti siku zote. Kuna hila moja hapa iliyonisumbua muda mrefu: suruali ilikuwa haivuji, buti halivuji, lakini soksi zinalowa kuanzia juu. Hatimaye nilipindua mguu wa suruali na kuona bitana ya ndani imeshuka chini kupita utando, inagusa maji yaliyo kwenye pindo. Maji yalipanda kwenye bitana kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, yakafika juu ya shingo ya buti, yakateremka ndani. Tangu siku hiyo, kila vazi ninalotaka kununua nalipindua kwanza niangalie bitana inaishia wapi: miguuni, mikononi na kiunoni. Bitana nzuri huishia sentimita kadhaa kabla ya ukingo, au ukingo wenyewe umezungushiwa utepe usionyonya maji.

Kwa buti, herufi WR kwenye lebo ya kiwango cha EN 13634 zinamaanisha limepimwa kwa kuzuia maji. Pendelea lenye ulimi ulioshonwa pande zote mpaka juu. Likilowa ndani, lijaze karatasi za magazeti, uzibadilishe zinapolowa, na usiliweke karibu na moto, kwani ngozi itapasuka na gundi ya soli itaachia.

Shingoni hila ni ileile. Skafu ya bomba iliyotokeza nje ya kola inanyonya mvua na kuishusha kifuani. Iwe yote ndani ya kola, na kola ifungwe mpaka juu. Ndani ya helmeti, adui mkubwa ni ukungu wa pumzi. Kioo cha ziada cha ndani aina ya Pinlock kinafungia hewa katikati ya tabaka mbili na kinazuia ukungu vizuri kuliko dawa yoyote ya kupaka niliyoijaribu, ilimradi mpira wake wa pembeni umekaa sawasawa bila upenyo. Usikifute kikiwa kikavu, kinachubuka. Kama unatumia kioo cheusi mchana, beba kile cheupe. Mvua huleta giza mapema.

Kabla ya kwenda safari, yajaribu mavazi yako nyumbani. Vaa kila kitu, helmeti na glavu zikiwemo, baada ya kuweka karatasi laini kavu kwenye vifundo vya mikono, shingoni, kiunoni, kwenye kinena na juu ya buti. Keti kwenye kiti au kwenye pikipiki yenyewe katika mkao wa kuendesha, mwenzako akumwagie maji kwa mpira wa bustani kutoka mbele kwa robo saa, asiruke mapaja. Kisha vua taratibu, ukitazama karatasi ipi imelowa. Jaribio hili halina gharama, na duka lenye moyo mzuri litakurudishia fedha zako kwa urahisi zaidi kabla ya safari kuliko baada yake. Mimi niliporudisha suruali iliyovuja kwenye zipu baada ya kuisafiria, nilijibiwa kwamba imetumika, na hiyo hasara nikaibeba mwenyewe.

Ndani usivae pamba. Pamba inashika jasho na kukaa na ubaridi wake. Sufu nyembamba au polista inayokausha haraka iguse ngozi, juu yake kitu chenye manyoya mepesi cha kutunza joto, kisha koti.

Koti la utando likianza kukuacha na unyevu, usikimbilie kulitupa. Tazama maji yanafanyaje juu ya kitambaa. Yakijikusanya matone na kuteleza, dawa ya kufukuza maji iliyopakwa kwenye kitambaa cha nje bado ipo. Yakiloweka kitambaa kikawa cheusi, mvuke wa jasho hauna njia ya kutoka na utahisi umelowa ingawa hakuna kinachovuja. Lifue kwa sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa mavazi ya utando, bila kilainisho cha nguo, lisuuze zaidi ya mara moja, kisha likaushe kwa joto la chini kama lebo inaruhusu, kwa sababu joto huamsha dawa iliyobaki. Isipoamka, kuna dawa za kupulizia au za kufulia. Watengenezaji wengi wameacha kemikali za zamani zenye florini kwa sababu haziozi katika mazingira. Dawa mpya hazihimili mafuta na uchafu kama zile, kwa hiyo makoti ya sasa yanahitaji kufuliwa mara nyingi zaidi.

Ukiniuliza fedha kidogo ziende wapi kwanza, nitasema glavu na buti, kisha kioo cha helmeti, kisha suti ya kuvaa juu, na koti la gharama liwe la mwisho. Suti nafuu inaweza kulifunika koti baya likafika salama, lakini hakuna cha kuvaa juu kinachogeuza glavu mbaya kuwa nzuri. Kwa safari za zaidi ya siku moja, beba jozi ya pili ya glavu hata kama ni nafuu, kwa sababu glavu hukauka polepole sana na asubuhi ya pili ndiyo ngumu. Mimi huzifunga pamoja na soksi kavu kwenye mfuko wa mpira wa mdomo wa kukunja, nikauweka juu kabisa ya mkoba, ili nizipate bila kufungua kitu kingine mvuani.